Mzimu Umesimama, Mzimu Amesimama: Upatanisho wa Kisarufi na Hofu katika Filamu ya The Innocents

Mhadhara wa hadhara kuhusu taaluma za Kiswahili, uliotolewa mjini Babati, Mkoa wa Manyara



Naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka 1994, nikiwa mhadhiri kijana na mwenye kalamu nyekundu iliyojaa wino, nilisahihisha insha ya mwanafunzi mmoja aliyesimulia usiku alioupitia katika nyumba ya marehemu babu yake. Aliandika kwamba mzimu ulisimama dirishani, ukamtazama kwa muda mrefu, kisha akalia. Nilipiga mstari chini ya "akalia", nikaandika pembeni "Upatanisho!" na kumpunguzia alama. Alipokuja ofisini kuuliza, nilimwambia achague kimoja: ama mzimu ni wa u-, ama ni wa a-, sarufi haina milango miwili. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mwanzoni nilikuwa sijamjua." Nilidhani ananifanyia mzaha, nikamwonyesha mlango.

Mhadhara huu ni jitihada ya kumjibu mwanafunzi yule, ingawa nimechelewa sana. Nitafanya hivyo kwa msaada wa filamu moja ya Kiingereza na wa msimulizi mmoja wa video wa hapa Babati. Ikiwa baadhi yenu mtaona ajabu kwamba mtu wa isimu anahutubia kuhusu filamu ya kutisha, nawaomba subira. Hofu, kama nitakavyojaribu kuonyesha, huanzia kwenye kiambishi awali.

Filamu yenyewe ni The Innocents, yaani "wasio na hatia", iliyoongozwa na Jack Clayton na kutolewa mwaka 1961. Chanzo chake ni The Turn of the Screw, riwaya fupi ya Henry James iliyochapishwa mwaka 1898, ambayo huhesabiwa miongoni mwa hadithi kuu za mizimu katika lugha ya Kiingereza. Kati ya riwaya na filamu kuna hatua moja: William Archibald aliifanya hadithi hiyo tamthiliya mwaka 1950, kisha yeye na Truman Capote wakaandika mswada wa filamu. Kisa ni chepesi kukisimulia. Mwanamke kijana anaajiriwa kuwalea watoto wawili mayatima, Miles na Flora, katika jumba kubwa la shamba, mbali na mjomba wao ambaye hataki kusumbuliwa. Punde anaanza kuwaona watu wawili wasiopaswa kuwapo: Peter Quint, aliyekuwa mtumishi wa mjomba huyo, na Bibi Jessel, mlezi aliyemtangulia. Wote wawili wamekwisha kufa. Mlezi anaamini kwamba wafu hao wanawataka watoto, na anaapa kuwaokoa. Mwisho wa jitihada zake, mvulana anakufa mikononi mwake.

Mtindo wa filamu hii ni ule uitwao Kigothiki: jumba la mawe, ngazi ndefu, vyumba vilivyofungwa, siri ya ukoo na mshumaa mmoja gizani. Lakini Clayton hakutosheka na vifaa hivyo. Mpigapicha wake, Freddie Francis, alipaka rangi pembezoni mwa vichujio vya kamera ili kingo za picha zididimie gizani, na mtazamaji asiwe na hakika kama pale pembeni pana kitu au hapana. Picha ni nyeusi na nyeupe, na ni pana mno. Upana huo unaacha nafasi nyingi tupu ambazo jicho linalazimika kuzilinda.

Kuhusu maana ya kisa hiki wahakiki wamegombana kwa muda mrefu. Mwaka 1934 Edmund Wilson alitoa hoja kwamba mizimu ile haipo ila katika akili ya mlezi, mwanamke mpweke anayewatwisha watoto hofu na matamanio yake mwenyewe. Wengine wanashikilia kwamba ipo kwelikweli. Ubora wa riwaya, na wa filamu pia, ni kwamba hakuna upande unaoweza kushinda. Kiingereza kinamsaidia mwandishi kulificha jambo hilo, kwa sababu nomino ya Kiingereza haikilazimishi kitenzi kutangaza kama kinachosimama ni mtu au kitu.

Kiswahili kinalazimisha. Hapo ndipo penye kiini cha mada yangu.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza mnafahamu kwamba nomino zetu hupangwa katika ngeli, na kwamba ngeli hutawala vitenzi, vivumishi na vimilikishi. Mnafahamu pia kwamba nomino za viumbe hai huikiuka ngeli ya umbo lao na kufuata a-/wa-: kiboko anaogelea, vipofu wamefika, simba ameunguruma. Benji Wald, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu lugha za Kibantu za pwani ya kaskazini-mashariki, alionyesha jinsi upatanisho huu wa uhai ulivyoenea katika lugha zinazopakana na kuathiriana. Hilo si geni. Lisiloulizwa mara nyingi ni hili: wafu wako upande gani?

Hebu tuangalie msamiati wetu. Jini na shetani, wote wenye asili ya Kiarabu, hufuata a-/wa- bila mjadala. Walikuja wakiwa watu kamili, wana majina, dini na hasira zao. Pepo, mwenye udugu na upepo, naye hupanda na kushuka kichwani mwa mtu kwa kiambishi a-. Popobawa, aliyewatia watu wa Unguja na Pemba katika taharuki kubwa mwaka 1995, ana jina la popo na bawa, lakini sijasikia Mzanzibari akisema "limekuja". Walisema amekuja, wakatoka nje kulala pamoja uani. Mungu na mtume wana wingi wa mi-, miungu na mitume, ishara kwamba kwa umbo ni wa ngeli moja na mti na mto. Hata hivyo hakuna anayethubutu kusema "mtume umefika". Upande wa pili wako kivuli, mzuka na mzimu. Kivuli kinapita. Mzuka unazuka, kama jina lake linavyosema. Mzimu unakaa, unatambikiwa, unakasirika. Na katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili sanifu mzimu umebaki katika u-/i-, hata pale unapofanya mambo ambayo ni mtu pekee anayeyafanya.

Sababu moja ni kwamba mzimu ni roho na pia ni mahali. Pango, mbuyu au magofu yanayopelekewa ubani na chakula huitwa mzimu. Muhammed Said Abdulla alilitumia neno katika maana hiyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 na kumwingiza Bwana Msa katika fasihi yetu. Huko mzimu ni mahali penye kuogopwa, na kazi ya mpelelezi ni kuonyesha kwamba mauaji yametendwa na mkono wa binadamu. Mahali hapawezi kuwa a-. Said Ahmed Mohamed, kwa upande wake, alipoiita riwaya yake ya mwaka 2001 Babu Alipofufuka, alilikwepa neno mzimu katika jina hilo na kuchukua jina la ukoo. Ukishamwita babu, kiambishi kinakuja chenyewe.

Sababu ya pili ni ya kale zaidi. Shina hili limetapakaa katika lugha za Kibantu. Washona wana mudzimu, Wachewa wana mzimu, nao wanamaanisha roho za wahenga. Lakini Wakikuyu na Wachaga wana irimu, jitu la ngano lenye kula watu, na sisi wenyewe tuna zimwi. Alice Werner alikwisha kulijadili jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu. Kwa hiyo shina lilelile limezaa mhenga wa kuheshimiwa na dubwana la kukimbiwa, na ngeli ndiyo iliyowatenganisha. Wanyakyusa wamekwenda njia nyingine kabisa: wahenga wao ni abasyuka, kwa kiambishi cha watu, kutoka kitenzi chenye maana ya kufufuka. Neno hilo ndilo lililompa Mussa Banzi jina la filamu yake Nsyuka, mojawapo ya filamu za kwanza za kutisha za video zilizotengenezwa Dar es Salaam katika muongo wa kwanza wa karne hii. Filamu yake nyingine, Shumileta, ni ya jini wa kike. Sijui kama aliyapima hayo kisarufi, ila ni jambo la kutazamwa kwamba katika filamu zote mbili alichagua viumbe ambao lugha imekwisha kuwapa utu.

Sasa niwapeleke kwenye banda la video.

Mwaka 2008 nilikuwa hapa Babati kwa kazi ya uwandani. Hakuna mji unaomfaa mwanaisimu kama huu. Tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara, lakini tangu zamani umekuwa makutano: chini ya Mlima Kwaraa utasikia Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni lugha za Kikushi, Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni za Kibantu, na Kidatoga cha Wabarabaig, ambacho ni cha Kinailoti. Kiswahili kinawaunganisha wote sokoni. Jioni nilikuwa nikipita kwenye banda moja la mabati na turubai, ambako kijana mmoja alikuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, maikrofoni mkononi, ameketi kando ya runinga. Sanaa hii mnaifahamu. Hodari wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye simulizi yake ya Titanic imefanyiwa uchambuzi wa kina na Matthias Krings wa Ujerumani. Wasomi wetu wengi tuliiona kazi hiyo kuwa uharibifu wa lugha. Nami nilikuwa miongoni mwao, na niliingia bandani nikiwa na daftari la kuorodhesha makosa.

Nilikuwa na diski ya The Innocents niliyoitumia darasani. Nikampa msimulizi aitazame mara moja peke yake, kisha aisimulie mbele ya watu.

Katika tukio la kwanza la kutisha, mlezi anakata maua bustanini, jua kali. Ghafla ndege wananyamaza, sauti zote zinakatika. Anainua macho: juu ya mnara, katikati ya mng'ao wa jua, pana umbo. Msimulizi akasema: "Kitu kile! Kimesimama juu kule!" Nikaandika: ki-. Baadaye ni usiku, watoto wanacheza kujificha, mlezi amejibanza nyuma ya pazia, na uso wa mwanamume unasogea kutoka gizani hadi kwenye kioo. Msimulizi: "Kivuli hicho, kinakuja, kinakuja!" Bado ki-, lakini kitu kimepata jina. Kisha likaja tukio la ziwani. Mtoto Flora anaimba peke yake, na ng'ambo ya maji, katikati ya matete, amesimama mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, hatikisiki. Bandani pakawa kimya, maana sote tulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Ziwa Babati, lenye matete yake na viboko wake, na hakuna mwenyeji asiyejua kwamba ukingo wa maji jioni si mahali pa kusimama ovyo. Wairaqw wanazo roho za majini, neetlangw, na wanazitofautisha na gi'i, ambao ni wahenga waliokufa. Msimulizi akashusha sauti: "Mzimu huo. Umesimama kwenye matete."

Hapo lilitokea jambo ambalo sikulitarajia, nami nalieleza kwa kuwa vitabu vyetu vya sarufi hulitaja bila kulifikiria. Kiambishi cha ngeli ya mzimu na kiambishi cha nafsi ya pili umoja, katika kitenzi, ni kimoja: u-. Msimulizi aliposema kwa haraka, bila kuitaja tena nomino, "Umekuja, uko nyuma ya mlango!", kijana aliyeketi karibu na mlango aligeuka nyuma. Watu walicheka, naye akacheka, lakini aliihamisha bechi yake. Kwa nusu sekunde Kiswahili kilimfanya yeye kuwa mzimu. Kiingereza hakiwezi kufanya hivyo hata kwa maelfu ya dola.

Tukio la nne ndilo lililonirudisha kwenye ile insha ya mwaka 1994. Mlezi anaingia katika chumba cha kusomea na kumkuta Bibi Jessel ameketi mezani, ameinamisha kichwa, analia kwa kwikwi. Anapomkaribia, hayupo. Mlezi anatazama chini, na juu ya kibao cha kuandikia pana tone la chozi, bichi. Msimulizi, ambaye kwa dakika nyingi alikuwa ameshika u- bila kuteleza, alisita. Kisha: "Mzimu... analia. Amelia kweli. Machozi yake haya hapa." Tangu hapo hadi mwisho wa filamu hakurudi tena kwenye u-.

Nilimwuliza baadaye kwa nini alibadili. Alishangaa kwamba nimeona. "Mzee, si niliona chozi? Ningesemaje tena unalia?" Kwa mujibu wa sarufi sanifu, "mzimu unalia" ni sentensi safi. Kwake ilikuwa imegeuka kuwa uongo, au pengine utovu wa adabu.

Kwa hiyo tuna ngazi nzima: kitu, kivuli, mzimu wa u-, mzimu wa a-. Mwanafunzi wangu alikuwa amepanda ngazi hiyohiyo katika sentensi moja. Nadai kwamba jambo hili si kosa la upatanisho. Ni upatanisho unaofuata ujuzi wa msemaji kuhusu anachokiona, na unaobadilika ujuzi huo unapobadilika. Tunazo dalili zake kwingineko: polisi husema maiti imeokotwa, lakini mama wa marehemu hatasema "imeoshwa" kuhusu mwanawe. Tofauti ni kwamba filamu ya mizimu inatuwekea jaribio ambalo maisha, tunashukuru, hayatuwekei kila siku.

Mtanidai hapa kwamba basi msimulizi ameuharibu utata wa Clayton, kwa kuwa ameamua kwamba mzimu upo. Ni hoja nzito. Ninavyoona, aliuhamisha utata ule, hakuuharibu. Clayton anatuuliza kama mlezi ameona au hakuona. Msimulizi alituuliza ni lini kilichoonekana kinastahili kuitwa mtu. Swali lake, kwa hadhira ile, lilikuwa na uzito zaidi. Chozi la kwenye kibao lenyewe ni nyongeza ya filamu, na baadhi ya wahakiki wamelilaumu kuwa ni ushahidi uliozidi. Msimulizi alikuwa na haki ya kulisikiliza.

Lakini kuna mahali Kiswahili kinashindwa, na nisingependa kulificha hilo mbele ya wanafunzi. Katika sura ya mwisho ya riwaya, Miles anakisia nani amekuja. Kwanza anauliza kama mwanamke yule yupo. Akiambiwa siye, anauliza kama basi ni mwanamume. Viwakilishi viwili vya Kiingereza, kimoja cha kike na kimoja cha kiume, ndivyo vinavyofichua kwamba mtoto anawajua wafu wote wawili. Kwetu swali la kwanza ni "Yupo hapa?" na la pili ni "Ni yeye?", na siri imefunikwa. Mtafsiri atalazimika kutia majina, au kusema "yule mwanamke", na kwa kufanya hivyo atamfanya mtoto aseme zaidi ya alivyosema.

Bandani jambo hili lilijitokeza mapema kabisa. Msimulizi alipotangaza kwamba kitu kimesimama juu ya mnara, mama mmoja wa makamo, Mwiraqw, aliuliza kwa sauti: "Cha kike au cha kiume?" Vijana wakamzomea. Yeye hakukubali. Alisema akirudi nyumbani atamsimulia mama mkwe wake, naye hatamwelewa bila hilo. Alikuwa sahihi kabisa. Kiiraqw kina jinsi tatu za kisarufi, ya kiume, ya kike na isiyo ya hizo mbili, kama Maarten Mous alivyoeleza katika sarufi yake ya mwaka 1993, na katika nafsi ya tatu umoja kitenzi chenyewe hutofautisha mwanamume na mwanamke. Lo'a, Mungu wa Wairaqw, ni wa kike kwa imani na kwa sarufi. Mama yule asingeweza kuunda hata sentensi moja kuhusu umbo lile la mnarani kabla ya kuamua. Swali la Miles, lililotushinda sisi, angelitafsiri yeye bila jasho.

Tangu siku ile nimeacha kumwekea mtu alama nyekundu kwa mzimu aliyebadili kiambishi. Nimependekeza pia, katika vikao vinavyohusika, kwamba kamusi zetu zionyeshe u-/i- pamoja na a-/wa- kwa mzimu na mzuka, kwa mifano ya sentensi. Pendekezo hilo bado linajadiliwa, na sitawachosha nalo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba simulizi za mabandani hazikuhifadhiwa. Mabanda mengi yamefungwa, diski zimekwaruzika, na wasimulizi wamekwenda kuendesha bodaboda. Nilirekodi dakika arobaini tu za usiku ule, kwa kinasasauti kilichokuwa kinaishiwa betri, na tukio la chozi limo kwa sehemu.

Namalizia kwa ombi kwa wazee. Katika Kigorowa nimepewa majina matatu tofauti ya kile ambacho watu huogopa kukutana nacho ziwani jioni, na wazee watatu waliohakikisha kila mmoja kwamba wenzake wamekosea. Baada ya chai nitaketi nje na daftari langu. Mwenye jina aje nalo, lakini aniletee na sentensi nzima: limesimama, limekuja, limelia. Jina peke yake halitanisaidia. Nataka kusikia kitenzi.